Risiti ya malipo si kibali cha ujenzi

Septemba ikiingia ofisi yetu ya vibali vya ujenzi hujaa. Kila mtu hapa Iringa anataka awe ameshapaua kabla mvua hazijaanza, na malalamiko tunayopokea yanafanana: “Nimeshalipia, mbona mmenichorea X?” X ndiyo alama tunayochora kwenye ujenzi usio na kibali.

Juzi Kihesa tulikuta msingi umefika kozi ya nne. Mama mwenye kiwanja akatoa bahasha ya kaki. Ndani mna risiti iliyokunjwa vizuri na barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri. Kibali hakimo. Si wa kulaumiwa sana, alifuata alichoambiwa na fundi. Lakini jamani, fundi si mamlaka ya upangaji, na mwenyekiti anathibitisha tu kwamba anakufahamu na eneo halina mgogoro.

Maombi huingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, pamoja na uthibitisho wa umiliki na michoro. Michoro ionyeshe namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki, jina la mchoraji, ukubwa wa jengo kwa mita za mraba, matumizi yake, umbali kutoka kila mpaka, maegesho na mfumo wa maji taka. Ghorofa huongezewa michoro ya mhandisi aliyesajiliwa. Ukishalipa kwa namba ya udhibiti, maombi hupita kwa wataalamu wa ardhi, mipangomiji, afya na uhandisi, na kwa baadhi ya majengo, Zimamoto. Mmoja wao akiona dosari, yanarudi kwako urekebishe. Hapo ndipo tunapoambiwa tunazungusha watu. Ramani uliyonakili kwa jirani ina vipimo vya kiwanja cha jirani, tena pengine chake ni tambarare na chako kiko mteremkoni. Hatuwezi kuipitisha kwa sababu inapendeza.

Kuhusu adhabu, ziko sheria mbili: ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 na ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Namba zimegongana, msizichanganye. Anayejenga bila kibali hupewa notisi ya kusimamisha ujenzi. Akiidharau anaweza kufikishwa mahakamani, na jengo linaweza kubomolewa kwa gharama zake mwenyewe. Alama ya X haifutiki kwa kupakwa chokaa. Wapo waliojaribu.

Kibali kikitoka, kisikae kabatini. Nakala yake na michoro iliyogongwa muhuri iwe pale kwenye ujenzi, na mkaguzi aitwe kabla msingi haujafukiwa na kabla jamvi (zege la sakafu) halijamwagwa, maana zege likishakauka hatuoni kilichomo. Fundi anapotandika kamba apime kuanzia kwenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapima ardhi, si kwenye uzio wa michongoma. Michongoma huhama.

Na wanaouliza kila siku kuhusu ukuta wa uzio: ndiyo, nao unaombewa kibali.