Amunike hakuiharibu Taifa Stars
Mpaka leo utasikia vijiweni kwamba kocha Emmanuel Amunike aliiharibu Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) kule Misri 2019: mechi tatu, vipigo vitatu. Matokeo ni ya kweli, hukumu siyo. Kundi letu lilikuwa na Senegal na Algeria, na hao hao ndio waliokutana fainali! Kufungwa nao 2-0 na 3-0 si ushahidi wa kocha mbovu. Mechi ya kumkosoa ni ya Kenya. Msuva alifunga, wakasawazisha. Samatta akafunga dakika ya 40, wakasawazisha tena. Dakika ya 80 Olunga akatumaliza, 3-2. Hapo lawama ni halali kabisa, na inauma bado. Lakini Amunike huyohuyo ndiye aliyeturudisha AFCON baada ya miaka 39. Julai mwaka huohuo wa 2019 mkataba wake ukavunjwa.