Kuutazama mwendo wa watu katika miteremko ya Bukavu

Kazi yangu ni tiba ya viungo, ile ambayo wagonjwa hapa Bukavu huiita kwa kifupi kine, na sehemu kubwa ya uchunguzi wangu hufanyika kabla mgonjwa hajaketi. Humtazama anavyoingia, anavyogeuka kutafuta kiti na anavyojishusha. Yeyote anaweza kujizoeza ustadi huo barabarani, na naamini anayejifunza kuuona mwendo wa wengine huutambua wake upesi kuliko anayejikagua kwenye kioo, kwa kuwa mbele ya kioo kila mtu hujinyoosha.

Anza na mtu asiyebeba kitu, mahali palipo tambarare. Katika mwendo wa kawaida, kila mguu hukanyaga chini kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, yaani tangu unapogusa chini hadi unapogusa tena, na huwa hewani muda uliobaki, huku mkono wa kulia ukienda mbele pamoja na mguu wa kushoto. Anayeumwa mguu mmoja huuondoa chini mapema, na mara nyingi sikio hulitambua hilo kabla ya jicho, kwa kuwa hatua zake hazipishani sawasawa.

Kisha watazame wanawake wanaoteremka mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, na gunia mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Mikono imeshika kamba karibu na masikio, kwa hiyo haiwezi kupunga. Shingo imekazwa, na anayeitwa kutoka pembeni hugeuza mwili mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya ulionyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mizigo ya mama zetu huzidi kiwango hicho kwa mbali, na ustadi wao, ambao nauheshimu sana, hauwaondolei gharama yake. Wakati wa kuteremka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikirefuka, ndiyo maana mapaja huuma kesho yake hata kama moyo haukuchoka. Mtazame pia baada ya kutua mzigo: wengine huendelea kutembea kwa hatua fupi, shingo ngumu, kana kwamba gunia bado lipo.

Kwako mwenyewe, chagua jambo moja tu kwa siku: bega linalobeba mfuko, mguu unaotangulia kwenye ngazi, au kama unainuka kitini kwa kusukuma kwa mikono. Usilirekebishe bado, litazame tu, kwa sababu ukianza kujirekebisha mapema hutauona tena mwendo wako halisi. Siku nyingine, badilisha bega au mguu na usikilize mwili unavyopinga.

Badiliko la ghafla ni jambo jingine kabisa: anayeanza kuburuta mguu mmoja au kulegea mkono wa upande uleule apelekwe hospitalini mara moja, kwa maana huenda ni kiharusi.