adb haioni simu? Soma neno linalotokea kabla ya kugusa chochote

Simu umeichomeka, chaji inaingia, lakini adb, programu ya kompyuta ya kuiamrisha simu ya Android, inadai hakuna kifaa. Wengi hukimbilia kufuta Android Studio (programu ya kutengenezea app) na kuisakinisha upya, kazi ndefu isiyogusa tatizo. Anza na amri hii kwenye terminal, kisha soma neno lililo kando ya simu kwenye orodha inayotoka:

adb devices

Orodha ikiwa tupu, mshukiwa wa kwanza ni waya. Waya nyingi za bei chee zina nyuzi mbili tu za umeme. Zile mbili za data hazimo. Weka simu kwenye hali ya kuhamisha faili: folda zake zisipoonekana kwenye kompyuta, badilisha waya, na uichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye habu (kigawanyi cha USB). Folda zikionekana na orodha bado tupu, huenda utatuzi wa USB, yaani ruhusa ya kompyuta kuiamrisha simu kwa waya, haujawashwa. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, kisha uwashe ndani ya Chaguo za wasanidi programu. Kwenye Windows inabaki draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua simu: alama ya njano kwenye Device Manager inamaanisha weka draiva ya mtengenezaji wa simu. Mac haina shida hiyo.

Ukiona unauthorized, shukuru: waya na draiva ni vizima. Tangu Android 4.2.2 simu haiikubali kompyuta ambayo ufunguo wake wa RSA (utambulisho wa kompyuta hiyo) haujaidhinishwa, na kidirisha cha kuomba ruhusa hukioni skrini ikiwa imefungwa. Ifungue. Kisipotokea, futa idhini zote kwenye Chaguo za wasanidi programu, chomoa waya, andika adb kill-server (huzima seva ya adb, sehemu yake inayofanya kazi chinichini), chomeka tena. Ikigoma bado, hamisha faili za adbkey na adbkey.pub kutoka folda ya .android iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani, adb itatengeneza nyingine. Na kama awali ilikubali na leo haikubali, kumbuka kwamba kuanzia Android 11 ruhusa ya kompyuta isiyounganishwa kwa siku 7 hufutika yenyewe, usipozima kikomo hicho.

no permissions ni ya Linux. Kwenye Ubuntu au Debian sakinisha android-sdk-platform-tools-common, jiongeze kwenye kundi la plugdev (watumiaji wanaoruhusiwa kufikia vifaa vinavyochomekwa), toka kwenye akaunti uingie upya. Usitumie sudo. Itaonekana imepona kwa sababu seva ya adb sasa inaendeshwa na root (akaunti kuu ya Linux), tena kwa funguo za root. Ukiwasha upya kompyuta, tatizo liko palepale.

offline mara nyingi huondoka kwa kuchomoa na kuwasha upya seva. Ikirudi kila baada ya muda, pamoja na ujumbe kwamba toleo la seva halilingani, una adb mbili zinazogombea mlango (port) 5037, ambao seva ya adb hutumia. scrcpy ya Windows (programu ya kuonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta), kwa mfano, huja na adb yake. Andika where.exe adb kwenye Windows, au which -a adb kwenye Linux na Mac, uone nakala zilizo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri). Zile zilizofichwa ndani ya folda za programu nyingine itabidi uzitafute mwenyewe. Bakiza moja, iliyo mpya.