Viwavijeshi wawili: mmoja anaandamana, mwingine anajificha

Wiki mbili zilizopita mama mmoja mwenye shamba dogo la mahindi huko Chanika alinitumia picha WhatsApp: "Mwanangu, viwavijeshi wamenimaliza, nitajie dawa." Nikamjibu: shikamoo mama, kwanza fungua moyo wa mhindi, yale majani machanga yaliyojikunja katikati, nipigie picha kichwa cha mdudu.

Picha ya pili ikamaliza ubishi. Usoni ana mistari myeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na pingili ya pili kutoka mkiani ina madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Huyo ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, mgeni kutoka bara la Amerika. Afrika aliripotiwa mwaka 2016, na kwetu Tanzania 2017.

Mwenyeji wetu, Spodoptera exempta, ndiye jeshi hasa. Wakiwa wachache hubaki wa kijani na wapole. Wakisongamana hugeuka weusi tii wenye mistari ya njano, wanamaliza nyasi na mahindi, kisha wanaandamana kwenda shamba la jirani. Nondo wake husafiri na upepo na kushuka panapokutana mawingu ya mvua, ndiyo maana mlipuko huja ghafla. Viwavi wakishaingia ardhini kuwa pupa, hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo, dawa unayopuliza ni hela iliyomwagwa.

Nondo wenyewe? Wote wana rangi ya vumbi, wote wanajigonga kwenye taa ya baraza. Dume la vamizi ana baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Majike yananipa tabu hata mimi, naishia kwenye hadubini. Kwa mkulima nasema achana na nondo, soma kiwavi.

Kwa sababu vamizi haandamani. Anatulia ndani ya moyo wa mhindi, amejifunika kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na wakibanana wanakulana wenyewe, hivyo mara nyingi utakuta mkubwa mmoja tu. Baadaye anatoboa hadi kwenye gunzi.

Mama alikuwa amepuliza majani kwa juu, saa saba mchana. Tukarudia jioni, bomba limeelekezwa moyoni, kabla wadogo hawajakua. Jana kanitumia picha: jani jipya limefunguka na matobo yaliyojipanga mstari, ila moyoni hamna kinyesi kibichi.