Tarihi za kwanza za chapa na utaifa wa Waholanzi: dhana potofu na ukweli

Mwaka 1517 mchapaji Jan Seversz wa mjini Leiden alitoa kitabu kinene cha tarihi, yaani masimulizi ya matukio kwa mfuatano wa miaka, ya Holland, Zeeland na Friesland, kwa lugha ya wenyeji badala ya Kilatini. Kimegawanywa katika sehemu 32 zinazoitwa "divisie", ndiyo maana leo kinajulikana kama Divisiekroniek. Mwandishi hakuweka jina lake, ila wataalamu wanamtaja Cornelius Aurelius, mtawa wa shirika la Mtakatifu Agustino, mwenyeji wa Gouda na rafiki wa msomi mashuhuri Erasmus. Kila panapozungumzwa namna Waholanzi walivyojitambua kuwa taifa, kitabu hiki hutajwa. Wanaokitaja ni wengi kuliko waliokifungua, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuchanganywa.

Tuelewane kwanza: humu Holland ni lile jimbo la magharibi lenye Leiden, Haarlem na Amsterdam. Nchi nzima nitaiita Uholanzi.

Dhana: Tarihi hizi ziliandikwa kuwaunganisha Waholanzi wote dhidi ya Hispania.

Angalia tarehe tu. Vita dhidi ya Hispania vilianza mwaka 1568, nusu karne baada ya kitabu kutoka. Mwaka 1517 mtawala wa Holland alikuwa Charles, ambaye ndiye huyohuyo mfalme mpya wa Hispania, na tarihi inausifu ukoo wake bila kinyongo. Ni kitabu cha raia mtiifu.

Wala hakikuwa na habari ya taifa moja. Kila jimbo lilijipigia debe lenyewe. Brabant walikuwa na tarihi yao, iliyochapishwa Antwerp mwaka 1498; Vlaanderen wakapata ya kwao, Antwerp hukohuko, mwaka 1531. Wafriesland walikwenda mbali zaidi: tarihi moja iliyochapishwa mwaka 1597 inadai kwamba babu yao Friso alitoka India pamoja na ndugu zake Saxo na Bruno. Majirani hawa hawakuwa wakipendana. Mwaka uleule wa 1517 wapiganaji waliokuwa upande wa mtawala wa Gelderland waliuvamia mji wa Alkmaar, ndani ya Holland, wakaupora na kuuchoma. Mtu wa Holland aliyekinunua kitabu cha Seversz mwaka ule, ukimwambia kwamba yeye na watu wa Gelderland ni taifa moja, angekufukuza mlangoni.

Dhana: Waholanzi siku zote walijua, kwa mapokeo ya mababu, kwamba wao ni kizazi cha Wabatavi, kabila la enzi za Warumi.

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote. Tarihi ya Holland iliyotangulia kuchapwa ni ile ya Gerard Leeu, Gouda, mwaka 1478. Humo asili ya watu wa Holland inatafutwa kwenye ngano za Troya, mji wa kale wa hadithi za Wagiriki, na za majitu. Wabatavi hawana nafasi yoyote ya maana.

Waliingia kwa njia ya maktaba. Mwandishi Mrumi Tacitus, aliyeishi karne ya kwanza na ya pili, aliwasifu Wabatavi kwa ushujaa, akasimulia uasi wao dhidi ya Roma mwaka 69 chini ya Julius Civilis, mtu mwenye jicho moja. Vitabu vyake vilianza kuchapwa Venezia karibu na mwaka 1470, na sehemu nyingine iliyokuwa imepotea ikachapwa Roma mwaka 1515. Wasomi wa kaskazini waliviparamia. Aurelius alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyewatoa Wabatavi kwenye Kilatini cha wasomi akawaingiza kwenye kitabu ambacho fundi au mfanyabiashara wa Leiden angeweza kujisomea.

Tatizo lilikuwa ramani. Tacitus anawaweka Wabatavi kwenye kisiwa kilichozungukwa na matawi ya mto Rhine, na kitovu chao kilikuwa upande wa Nijmegen. Sehemu hizo ni Gelderland, kwa adui! Gerard Geldenhouwer, mwenyeji wa Nijmegen, alilishikilia hilo. Aurelius naye alishikilia kwamba Wabatavi ni wa Holland. Wasomi wawili wakagombania mababu kama ndugu wanaogombania shamba la urithi, wakati majimbo yao yanapigana kwelikweli.

Kinachochekesha ni kwamba Holland ilikuwa na kabila lake la kale. Pwani ile waliishi Wakananefati, na kwa maelezo ya Tacitus mwenyewe wao ndio waliotangulia kushambulia kambi za Warumi katika uasi ule, baada ya kumwinua kiongozi wao Brinno juu ya ngao mabegani mwao. Mwanzo wa uasi ulikuwa wao, sifa zikaenda kwa jirani. Huenda jina refu hivyo halikufaa kuimbwa.

Dhana: Basi ni tarihi yenyewe iliyoleta fikra ya taifa huru.

Kazi hiyo waliifanya wasomaji waliokuja baadaye. Baada ya majimbo kumkana Philip II, mfalme wa Hispania, mwaka 1581, uasi wa Civilis ulianza kusomwa upya: Roma ikawa Hispania. Mwaka 1610 mwanasheria Hugo Grotius alichapisha kitabu akidai kwamba tangu enzi za Wabatavi nchi ilitawaliwa na mabaraza ya wakuu, na mtawala mmoja hakuwahi kuwa na madaraka yote. Mwaka 1613 Bunge la Majimbo likanunua picha 12 za Otto van Veen zinazoonyesha uasi ule. Mwaka 1619 makao ya Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki huko Java yakaitwa Batavia.

Jambo moja liliwasaidia mno. Maandishi ya Tacitus tuliyonayo yanakatika ghafla Civilis akiwa kwenye daraja lililobomolewa katikati, anazungumza na jemadari Mrumi kuhusu kujisalimisha. Kurasa zilizofuata zimepotea. Uasi ambao mwisho wake haupo kwenye karatasi, kila mtu huumalizia atakavyo.

Dhana: Kilichochapwa kilikuwa kimehakikiwa.

Chukua mwaka 863. Tarihi zilisema huo ndio mwaka ambao Dirk wa Kwanza alipewa Holland na mfalme Charles Mpara. Hati yenyewe, inayompa Dirk kanisa la Egmond na mali zake, ni ya mwaka 922, na mfalme ni Charles mwingine kabisa, yule aliyeitwa Mnyofu. Jina moja, wafalme wawili, na karibu miaka 60 imeongezeka kwenye umri wa jimbo. Kosa hilo lilinakiliwa kwa mkono, kisha chapa ikalieneza na kulipa heshima.

Picha nazo zisikudanganye. Kuchonga kibao cha mti kulikuwa ghali, kwa hiyo wachapaji walirudia vibao vilevile: sura ya mtawala huyu inaonekana tena kurasa za mbele ikiwa na jina la mwingine.

Dhana: Uchapaji wenyewe ulibuniwa Haarlem.

Hii ilitoka kwa Hadrianus Junius, aliyeajiriwa na baraza la Holland kuandika historia. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1588, baada ya yeye kufariki. Anasimulia kwamba Laurens Janszoon Coster alichonga herufi kwenye gome la mti kuwafurahisha wajukuu, na kwamba msaidizi wake aliiba vifaa usiku wa kuamkia Krismasi akakimbilia Ujerumani. Hakuna kitabu hata kimoja chenye jina la Coster. Cha kwanza chenye tarehe kwa majimbo ya kaskazini ni cha Utrecht, mwaka 1473, karibu miaka 20 baada ya Biblia iliyochapwa na Gutenberg huko Ujerumani. Hata hivyo sanamu ya Coster ipo katikati ya Haarlem mpaka leo.

Dhana: Wasomaji wa zamani waliamini kila kitu.

Hapana. Mwanahistoria Ubbo Emmius alizikataa waziwazi hadithi za Friso, naye msomi Petrus Scriverius aliwachachamalia waandishi wa tarihi za Holland. Lakini soko lina sheria zake. Mwaka 1620 Wouter van Gouthoeven alichapisha tena ile Divisiekroniek ya kale huko Dordrecht, akaongeza habari za karibuni na kurasa nyingi za nasaba za koo kubwa za Holland.