Dawa kwa wazee: nesi anaweza kumwachia mhudumu kazi gani?

Nyumba ya wazee hapa Malindi ina nesi mmoja, naye hurudi kwake jioni. Mhudumu anaweza kutoa dawa za usiku?

Zile za kumeza za kila siku, ndiyo, mradi nesi amemfundisha, amemtazama akitoa, na ameandika: mhudumu fulani, mzee fulani, dawa fulani. Ruhusa hiyo haihami. Aliyefunzwa kumpa mzee mmoja amlodipini, dawa ya presha, hajaruhusiwa kumpa jirani yake. Na simu ya nesi isizimwe usiku. Mhudumu asiye na wa kumuuliza ametelekezwa.

Atoeje?

Mzee mmoja kwa wakati. Vidonge visipangwe mapema kwenye vikombe, kwani vikombe hubadilishana. Alinganishe pakiti na karatasi ya dawa: jina, dawa, nguvu yake, saa. Kina Karisa au Kazungu wawili katika nyumba moja ni jambo la kawaida huku, kwa hiyo karatasi iwe na picha. Mzee aketi wima, ameze kwa maji, ndipo saini iwekwe. Saini ya kabla ya kumeza ni uongo, hata dawa ikitolewa baadaye.

Akishindwa kumeza, tuisage?

Msisage kabla ya kumuuliza nesi au mfamasia. Nifedipini, dawa ya presha, ile ya kuachia dawa polepole, ikisagwa, dozi ya saa nyingi huingia mwilini kwa mara moja. Presha huporomoka na mzee huanguka. Huenda ipo dawa nyingine ya maji.

Kazi gani abaki nazo nesi?

Dozi ya kwanza ya dawa mpya, sindano za mshipa, na dawa za kutuliza za "akihitaji", maana kuamua kama anahitaji ni kazi ya nesi. Kwa digoksini, dawa ya moyo, mapigo ya moyo yahesabiwe dakika nzima; yakiwa chini ya 60, dawa isubiri nesi apigiwe. Insulini ndiyo inayotutia hofu zaidi. Ile ya kawaida ina uniti 100 kwa mililita 1, hivyo uniti 10 ni mililita 0.1 tu. Anayetumia bomba la sindano lisilo la insulini akavuta mililita 1 amempa mzee dozi mara kumi.

Ramadhani, mzee anafunga. Dozi ya adhuhuri tuiunganishe na ya futari?

Hapana. Daktari apange upya dawa kabla ya mwezi kuandama. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, afunguzwe papo hapo, kisha nesi aitwe.