Tumbo la mtoto si minyoo kila mara

Huku Mbeya, ikifika Juni na Julai mtoto anashinda ndani ya masweta mawili, na kuogeshwa ni harakaharaka maji yasije yakapoa. Uvimbe wa figo, yaani saratani ya figo ya watoto, unaweza kukua humo ndani asiuone mtu. Jirani yangu wa Uyole alishtuka siku kifungo cha kaptula ya mwanaye kilipogoma kufunga, na miguu ya mtoto imekonda.

"Ni minyoo hiyo." Ndilo neno la kwanza utakaloambiwa, kisha bandama, kisha utapiamlo. Ni kweli, hivyo vyote huvimbisha tumbo. Ila saratani hii mara nyingi ni bonge gumu upande mmoja, chini ya mbavu, na kwa wengi haliumi. Mtoto anacheza, anakula ugali wake, nasi tunatulia. Wengine hukojoa damu, homa haiishi, au presha inapanda. Ukishampa dawa ya minyoo na tumbo liko palepale, usirudie dozi. Mpeleke akapigwe altrasaundi.

"Kansa ni ya wazee." Hii ni ya watoto hasa, wengi wao chini ya miaka 5. Inaitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Max Wilms, aliyeandika juu yake mwaka 1899. Wengi wanaoupata hawana ndugu aliyewahi kuugua hivyo, msimsute mama.

"Likandwe, litarudi." Bibi zangu, hapa nawaomba sana. Bonge hili likiminywa laweza kupasuka na kumwaga saratani tumboni. Hata hospitalini haliruhusiwi kubonyezwabonyezwa. Msikande, msichanje chale.

"Akitolewa figo, basi tena." Figo moja iliyo nzima inatosha. Matibabu ni dawa za dripu, upasuaji, na kwa baadhi mionzi. Kwenye nchi zenye tiba kamili, karibu watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwetu tunawapoteza wengi kwa kuchelewa, na kwa kuacha dawa katikati: uvimbe umepungua, nauli imeisha, mama anarudi shambani. Kabla hujakata tamaa kwa sababu ya fedha, uliza ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, iwe Rufaa ya Kanda hapa Mbeya au Muhimbili mkipewa rufaa.

Jioni ya leo, maji yakishachemka, mvue masweta yote, msimamishe karibu na taa, umtazame tumbo pande zote mbili.